Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mbio za kasi: tupeni taarifa za ajali

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Ufundi na Usalama.

YAH: AJALI ZINAZOFUNIKWA TURUBAI PAMOJA NA MABAKI YA GARI

Waheshimiwa,

Natanguliza heshima zenu. Mimi ni mmoja wa wakaguzi wa kujitolea ambao kila msimu mnatuona tumelala chini ya magari, tochi mdomoni, kabla hayajapewa kibandiko cha kwenda mstari wa kuanzia. Jina langu mnalo, limo kwenye barua nilizowapelekea kwa utaratibu wa ndani, ambazo majibu yake yalikuwa ya mdomo: "Tumeiona, tunaifanyia kazi." Nimesubiri hadi msimu ukafungwa na mwingine ukafunguliwa. Sasa naandika hadharani, wasome na wanaohusika: madereva, mafundi, na wenza wao wanaobaki kando ya njia wakishika redio.

Niliweke wazi jambo moja mapema tusipotezeane muda. Sitaki mbio hizi zifungwe. Mtu anayejiundia gari gerejini kwa miaka, kwa fedha zake, akalipeleka kwenye uwanda wa chumvi au kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa ili apambane na saa tu, mtu huyo namwelewa vizuri. Kwa ajili yake ndiyo maana najitolea. Ombi langu kubwa ni kwamba ajali ikitokea, chanzo chake kitafutwe, kiandikwe, na kiwekwe mahali ambapo fundi mwingine atakisoma kabla hajawasha injini yake. Mengine nitakayoyataja yamening'inia hapo.

1. Ajali tunazo, taarifa hatuna

Mnalikumbuka gari lililobingirika karibu na alama ya maili ya tatu. Nilikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo. Dereva alitoka hai, mkono umevunjika. Gurudumu la mbele la kushoto halikuwepo. Tuliliokota mbali kabisa na gari. Nilipoinama kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa, nikakuta boliti zote zipo na nati zote zimekaza, na chini ya kila nati kumebaki kipande cha rimu. Kwa maneno mengine, hakuna kilicholegea: rimu yenyewe ilichanika kuzunguka matundu yake. Sehemu mbili za mpasuko zilikuwa nyeusi, zimeota kutu. Kwingine kote chuma kilikuwa kinang'aa. Fundi yeyote anajua kusoma hilo. Ufa ulikuwepo kabla ya siku ile, chumvi ikawa inaula, safari ile ikaumalizia.

Jua halijazama, mabaki yalikuwa juu ya trela, yamefunikwa turubai, yakaondoka. Kwenye kumbukumbu zenu pameandikwa: "Dereva alishindwa kulimudu gari." Picha nilizopiga niliwakabidhi. Dereva ambaye yu hai, ana akili zake timamu na anapenda kuongea hajaulizwa na mtu hata neno moja. Mashindano yaliyofuata nilikagua magari mengine yenye rimu za muundo uleule, na wenyewe hawakuwa na habari yoyote. Nikawa nawanong'oneza mmojammoja kama mtu anayeeneza umbea.

Waheshimiwa, gari lililokatika gurudumu halimudiki. Kusema dereva alishindwa kulimudu ni kueleza kilichoonekana na watazamaji. Chanzo ni kitu kingine, nacho kimo kwenye chuma.

Mchezo wetu una mfano wa zamani sana wa hasara ya namna hii. Machi 1927, dereva wa rekodi za kasi J. G. Parry-Thomas aliuawa kwenye ufukwe wa Pendine, Wales, akiwa ndani ya gari lake alilolipa jina la Babs. Gari likazikwa palepale mchangani. Kwa miaka mingi kila aliyesimulia alisema mnyororo wa kuendeshea magurudumu ulikatika ukampiga. Mwaka 1969 gari likafukuliwa, na mabaki yake yakaelekeza kidole zaidi kwenye gurudumu la nyuma la kulia. Miaka 42 watu walifundishana habari ya mnyororo. Sisi hatuna hata huo ufukwe wa kwenda kufukua, maana mabaki yetu huishia kwa wauza vyuma chakavu.

Tazameni ajali ambazo leo kila fundi anaweza kuzitaja pamoja na chanzo chake. Septemba 2006, mtangazaji wa televisheni Richard Hammond alipinduka kwenye uwanja wa Elvington, Uingereza, akiwa kwenye gari la injini ya jeti lililokuwa likienda takriban maili 288 kwa saa (km 463). Tairi la mbele la kulia lilipasuka, na tunajua hivyo kwa sababu mamlaka ya serikali ya usalama kazini ilichunguza na kuandika. Agosti 2019, Jessi Combs, dereva aliyekuwa akiwania rekodi ya kasi, alifariki kwenye jangwa la Alvord, Oregon, Marekani. Ofisi ya sherifu wa wilaya ilichunguza, ikaeleza kwamba gurudumu la mbele lilivunjika, na yaelekea liligonga kitu kilichokuwa juu ya ardhi. Hizo zote mbili zilichunguzwa na watu wa nje. Katika ajali ndogo za watu wa kawaida, ambazo ndizo nyingi, hakuna mtu wa nje anayekuja. Mlioko ni ninyi.

Na taarifa ikitoka, mambo hubadilika. Dale Earnhardt, dereva wa mbio za magari za NASCAR huko Marekani, alikufa kwenye uwanja wa Daytona Februari 2001. Agosti NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizo, ikatoa taarifa yake ya uchunguzi, na Oktoba mwaka huohuo ikawalazimisha madereva kuvaa kifaa cha kuzuia kichwa na shingo. Kifaa hicho kilikuwepo tayari, na wengi walikuwa wanakidharau.

Mnaweza kusema wale ni matajiri. Basi niwape mfano wa maskini wenzetu. Mtu wa Marekani akijiundia ndege ndogo gerejini ikaanguka, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, huandika ripoti ya chanzo, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa. Anayejiundia gari la kwenda maili 300 kwa saa hana kitu kama hicho. Inabidi awe na rafiki anayejua rafiki wa yule aliyepinduka.

2. Ukaguzi wetu unatafuta tarehe kuliko nyufa

Hili linatuhusu wakaguzi moja kwa moja. Karatasi mliyotupa inatutaka tusome lebo ya mkanda, lebo ya kofia, lebo ya suti ya kuzuia moto, lebo ya kizimamoto. Sipingi, mkanda uliopigwa na jua misimu kadhaa huchoka, na lebo ndiyo inayotuambia umri wake. Lakini nikimaliza lebo, muda niliopewa kwa gari moja umekwisha, na foleni nyuma inapiga honi. Magurudumu nayagonga kwa kiganja tu na kusonga mbele.

Tupige hesabu kidogo. Kwenye maili 300 kwa saa gari linakula mita 134 kila sekunde. Tairi la kipenyo cha inchi 28 linazunguka takriban mara 60 katika sekunde hiyohiyo. Kile kirisasi cha gramu 10 cha kusawazisha gurudumu, kikiwa kimebandikwa kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, kinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 27. Kimeshikwa na gundi. Ukienda kwenye mpira wa juu wa tairi, kokoto ya gramu 10 iliyokwama pale inavutwa kwa nguvu ya kilo 50 na ushee. Mpira wenyewe nao una uzito, nao unataka kutoka. Ndiyo maana wazee wa mchezo huu hubandua risasi zote na kusaga mpira wa juu ubaki mwembamba, na ndiyo maana hawakubali kofia ya vali ya plastiki. Maarifa haya yapo. Yako vichwani mwa watu waliozeeka, na kila mwaka tunawazika kadhaa.

Na chumvi je? Uwanda wa chumvi unang'arisha picha, lakini chumvi inaingia kwenye kila kiungo cha kuchomelea, kila beringi, kila tundu la boliti. Gari lililoegeshwa miezi kumi bila kuoshwa chini linarudi kwetu limepakwa rangi mpya juu ya ugonjwa. Nimewahi kukwangua rangi kwa kucha kwenye mkono wa usukani nikaona kutu inamwagika. Sikuwa na kifungu cha kanuni cha kunipa haki ya kulizuia gari lile, kwa kuwa kwenye karatasi hapakuwa na kisanduku chake.

3. Kasi siku hizi inanunuliwa

Kanuni zetu ziliandikwa enzi ambazo mtu alijenga gari lake kidogo kidogo. Alianza na maili 130, akavunjika gia boksi, akarudi mwakani na 160. Kufika kwake 200 kulichukua miaka, na miaka hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Leo mtu ananunua gari la barabarani, analipeleka kwa fundi wa kompyuta, na mwisho wa wiki anakuja kiwanja cha ndege na nguvu za farasi zaidi ya elfu moja. Mkanda ni uleule uliotoka nao kiwandani, na kizimba cha vyuma hakuna.

Nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Anayetoka 150 kwenda 300 amezidisha kasi mara mbili, ila nishati ambayo breki, parachuti na mwili wake vitalazimika kuimaliza imezidi mara nne. Na gari la barabarani halikuchorwa kwa ajili ya hewa ya kasi hiyo. Sehemu ambayo upepo unalishikia inatakiwa ikae nyuma ya kitovu cha uzito, sawa na manyoya ya mshale. Ikikaa mbele, gari linataka kugeuka mgongo. Dereva mgeni akihisi nyuma imeteleza, mguu wake hufanya alichouzoeza mjini: anaachia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na gari linajizungusha. Likishakaa ubavu, hewa inaingia chini yake.

Dereva Mwingereza Donald Campbell alipopinduka na gari lake Bluebird kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, mwaka 1960, akiwa kwenye maili zaidi ya 350 kwa saa, gari lilijengwa upya na kuwekewa pezi refu la nyuma, na mwaka 1964 likafika maili 403 kwenye Ziwa Eyre, Australia. Watu walikubali kwamba gari lilikuwa na upungufu, wakaushughulikia. Kwetu mtu akijizungusha kwenye maili 200 akasimama salama, anapigiwa makofi, anataniwa jioni, kesho anarudi mstarini. Hakuna anayeandika upepo ulikuwa wa namna gani, mguu ulikuwa wapi, parachuti lilifunguka au lilijikunja. Lile lilikuwa somo la bure na tumelitupa.

Wala uzoefu peke yake hautoshi. Bill Warner alikuwa bingwa aliyeshavuka maili 300 kwa pikipiki. Julai 2013 alipoteza maisha kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Loring, Maine, Marekani, baada ya kufika 285 ndani ya maili moja. Chris Raschke alikuwa mkongwe wa timu inayoheshimika kuliko karibu zote, na Agosti 2025 akafia kwenye chumvi ya Bonneville. Siwataji ili kumlaumu mtu. Nawataja kwa kuwa wajuzi kama hao wakiweza kuondoka, hatuna haki ya kumruhusu mgeni wa siku moja aruke ngazi kwa sababu amelipa ada ya kiingilio.

4. Upepo, njia na waokoaji

Kitambaa cha kuonyesha upepo kiko mstari wa kuanzia, wakati gari linafikia kasi yake kubwa maili kadhaa mbele. Craig Breedlove, mtu aliyeshika rekodi ya dunia zaidi ya mara moja, alilazwa ubavu na upepo wa pembeni kwenye jangwa la Black Rock, Marekani, mwaka 1996, akiwa kwenye kasi inayokadiriwa kuwa maili 675 kwa saa. Kama upepo ulimfanyia hivyo yeye, gari la mwalimu wa shule lenye mwili wa bati halina ujanja. Kipima upepo kila maili ni kifaa cha bei ndogo kuliko seti moja ya matairi.

Njia nayo itembewe kwa miguu, asubuhi na baada ya kila gari lililomwaga kitu. Kuipitia kwa pikapu huku mnapiga soga si kuikagua. Na gari la zimamoto moja kwa njia ya maili tano halitoshi. Hilo halihitaji maelezo.

5. Majibu ninayoyatarajia

Kuna anayejiandaa kuniambia ajali haina kinga. Nimeisikia kauli hiyo kwenye hema la kamati nikiwa na zile picha mkononi. Ajali isiyo na kinga ni ile usiyoijua. Ufa niliouona ulikuwa na kinga: rangi ya kupenyeza ya kupimia nyufa, kitambaa, na dakika 20.

Mwingine atasema mawakili na kampuni ya bima hawaruhusu. Usafiri wa anga una mawakili wengi kuliko sisi, na uchunguzi wake unaongozwa na kanuni iliyoandikwa kwenye Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kwamba lengo la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, wala si kugawa lawama. Andikeni taarifa bila jina la dereva na bila kumhukumu mtu. Elezeni chuma kilivunjika wapi na vipi. Kama wakili wenu anadhani ukimya unawalinda, muulizeni itakuwaje siku rimu ya pili ya aina ile itakapochanika, halafu ijulikane kwamba picha za ya kwanza mlikuwa nazo.

Mtasema kila dereva ametia saini kwamba anazijua hatari. Hawezi kutia saini juu ya hatari mliyomficha.

Mtasema familia zinaomboleza. Ni kweli, na lazima ziheshimiwe, zipewe muda, na zisomewe taarifa kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini waliofiwa niliozungumza nao huuliza swali moja: ilikuwaje? Tunawajibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, tunawapa mkono, tunaondoka. Mimi sijisikii vizuri kumsingizia Mungu kazi ya beringi.

Jibu lenye uzito ni kwamba ninyi ni watu wa kujitolea na kamati ni ndogo. Nalikubali nusu. Mimi pia najitolea, na niko tayari kuandika. Wapo wahandisi miongoni mwa madereva wetu ambao wangefanya uchunguzi bila malipo. Na ninyi mna uwezo wa kusema hapana pale mnapotaka. Speed Week, ile wiki ya mbio za kasi ya Bonneville, ilifutwa mwaka 2014 na tena 2015 kwa sababu ya hali ya chumvi. Watu walikuwa wamelipia safari, walinuna, wakageuza magari, na mchezo haukufa.

6. Tunachoomba

Kwanza, kila ajali iliyomjeruhi mtu au iliyopindua gari ichunguzwe, na taarifa itolewe hadharani ndani ya siku 90. Mabaki yasiondoke uwanjani kabla hayajapigwa picha na kupimwa, na sehemu iliyovunjika ibaki mikononi mwa kamati. Dereva akiwa hai, aulizwe.

Pili, kuwe na fomu ya siri ambayo waliojizungusha na walionusurika wataeleza yaliyowapata, bila adhabu. Marubani wa Marekani wamekuwa na mpango wa aina hiyo unaosimamiwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo, tangu mwaka 1976, na matunda yake husomwa na wote.

Tatu, mkaguzi apewe mamlaka ya kulizuia gari kwa ufa, kutu au gurudumu analolitilia shaka, hata kama lebo zote ni mpya. Muda wa ukaguzi uongezwe kwa wanaokusudia kuvuka maili 200.

Nne, ngazi za leseni zimhusu kila mtu, pamoja na mgeni mwenye gari la fedha nyingi. Bila kizimba cha vyuma na mkanda wa mbio, kasi yake iwekewe kikomo na saa izimwe akikivuka, asiwe na rekodi ya kujivunia.

Tano, vipima upepo na waokoaji wagawanywe njia nzima, na anayetoa ruhusa ya kuondoka asikie vituo vyote kabla hajashusha mkono.

Sita ni la haraka kuliko yote na halihitaji kikao: tangazeni habari ya zile rimu. Aina yake mnaijua, picha mnazo.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya ukaguzi wa kwanza wa msimu ujao. Lisipokuja, nitafika kazini kama kawaida, ila sitaweka kibandiko kwenye gari lolote lenye rimu za muundo ule, na dereva akiuliza sababu nitamwonyesha picha mwenyewe, palepale kwenye foleni.

Wenu katika mchezo,

Mkaguzi wa kujitolea

Nakala: Madereva, mafundi na familia zao.